Meza ya Mama: Somo Kuhusu Mbao za Jikoni

Wenzangu wengi katika chama wameandika juu ya ngeli, methali na ushairi. Mimi nimeamua kuandika juu ya meza. Najua kuna watakaocheka, hasa wale wa kiti cha nyuma darasani, lakini naomba wanivumilie, kwa sababu meza hii nusura inifukuzishe shule.

Mama yangu ana kibanda cha chakula hapa Tuwan. Hupika chapati, maharagwe, sukuma na chai ya maziwa, na karo yangu hutoka pale pale. Kitu kikubwa katika kibanda hicho si jiko bali ni meza. Juu yake unga hukandwa, chapati husukumwa, kitunguu hukatwa, sahani hupangwa. Meza ikiharibika kazi yote inasimama.

Basi muhula wa kwanza alikuja afisa mmoja wa afya. Alitazama sufuria, akatazama vikombe, akaridhika. Halafu akainua pembe ya ile karatasi ya plastiki tuliyoipigilia misumari juu ya meza, akadunga mbao kwa kidole. Kidole kilizama kama kinachozama kwenye ugali. Mende wawili wakatoka mbio. Akamwambia mama kwa upole, "Mama, nakupa siku 14. Ukikosa meza nzuri, nitafunga." Mama hakumjibu. Jioni ile nilimwona akihesabu pesa zilizokuwa za karo yangu.

Nilidhani kosa letu lilikuwa uzee wa meza. Lakini haikuwa na umri wa miaka miwili! Nilimpigia simu mjomba wangu aliye Bungoma, ambaye ni seremala, nikamweleza. Akacheka, akasema, "Mpwa wangu, meza yenu haikufa kwa uzee. Ilikufa kwa maji. Mlinunua mbao mbichi, kisha mkaifunika ili isipumue." Tangu hapo nikaanza kusoma habari za mbao, kwake na kwa mwalimu wetu wa Bayolojia, na haya ndiyo niliyojifunza.

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Pengine uzito wa maji hayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa mbao yenyewe ikikauka. Kwanza hutoka yale maji yaliyo wazi ndani ya seli, na wakati huo mbao haibadiliki umbo. Yakibaki kama asilimia 30 hivi, huanza kutoka yale yaliyoshikana na kuta za seli, na hapo ndipo mbao hunywea. Tena hainywei sawasawa. Kwa urefu hupungua kidogo sana, usione tofauti. Kwa upana hupungua kweli, na kufuata pete za mti hupungua karibu mara mbili ya vile inavyopungua kuelekea kiini. Ndiyo maana ubao mpana hukunjika kama gamba la ndizi lililoachwa juani.

Meza yetu ya kwanza ilipigiliwa misumari ikiwa mbichi. Ilipokauka ikaachana, nyufa zikatokea, unga na mchuzi ukaingia ndani. Tukasema ni uchafu, tukaweka plastiki. Maji ya kuoshea yakapita kwenye matundu ya misumari, yakakosa njia ya kutoka. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji maji, na mbao ikiwa na maji chini ya asilimia 20 hawawezi kuila. Sisi tuliwawekea blanketi na kuwanywesha kila siku. Ati tulikuwa tunatunza usafi!

Sasa kuhusu kuchagua. Mbao zinazopatikana kwetu Kitale kwa wingi ni saiprasi, paini, gravilia na mkaratusi, yaani blugamu. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuondoa marufuku hayo. Katika miaka hiyo watu walitegemea sana miti ya mashambani, na miti ya shambani mara nyingi hukatwa ikiwa michanga. Blugamu ni ngumu na ya bei nafuu, lakini ikikaushwa vibaya hujipinda na kupasuka hadi inasikika. Paini ina utomvu unaonata. Gravilia ina nyuzi zenye mapambo mazuri, na kama ningekuwa na pesa za ziada ningeifikiria. Mvule ndio bora kwa maji, lakini bei yake tuliisikia tukaondoka kimya. Kuna pia ile inayoitwa tiki ya Elgon, mbao ya kifahari ya mlima wetu huu. Jina linadanganya, kwa sababu si msaji bali ni wa jamaa ya mzeituni. Hiyo nayo tuliitazama tu.

Jambo moja nawasihi. Msinunue vipande vya nguzo za umeme au za ua ili mtengenezee meza ya chakula. Nyingi zimetiwa dawa yenye shaba na aseniki, na mara nyingine utaziona na rangi ya kijani kijani. Vilevile mbao zilizopakwa oili chafu ya magari ili kufukuza mchwa zibaki kwenye ua.

Mjomba alikuja Jumamosi, tukazunguka kwa wauza mbao. Wa kwanza alituapia kuwa saiprasi yake imekauka kabisa. Mjomba akamwomba kipande cha futi moja kutoka mwisho wa ubao, akakilipia, akanipa mimi. "Wewe ndiye msomi," akasema. "Nenda ukapime." Nilikipima kwa mizani ya duka la jirani kikawa gramu 742. Nikakiweka juu ya jiko la mama mahali penye joto pasipo moto, nikawa nakipima kila jioni nikitoka shuleni. Siku ya tisa kilifika gramu 530 na hakikushuka tena. Fanyeni hesabu: 742 kutoa 530 ni 212, na 212 ukigawanya kwa 530 unapata asilimia 40. Tena jiko letu si tanuri la maabara, bila shaka kulikuwa na maji mengine yaliyobaki. Hiyo ndiyo mbao "iliyokauka kabisa"! (Mwalimu wa Hisabati, kama unasoma hapa, naomba uone kwamba asilimia zina kazi hata nje ya mtihani.)

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Mjomba alirudi akatupeleka kwa mzee mmoja ambaye hupanga mbao zake chini ya mabati, na kati ya ubao na ubao ameweka vijiti ili upepo upite. Hapo nilijifunza kupima bila mizani. Mbao kavu ni nyepesi ukilinganisha na mwenzake wa ukubwa ule ule, ukiigonga inalia badala ya kusema "dup", na ukiigusisha shavuni haina ubaridi wa majimaji. Tulinunua saiprasi ya inchi 6 kwa 2, vipande vinne vya futi 5. Karo ilipungua, sitaficha, na nilikaa nyumbani siku mbili hadi mama akapata ya kulipa kidogo kidogo.

Mjomba aliziunganisha kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Gundi nyeupe ya kawaida, akasema, ni ya kabati la chumbani. Alipanga mbao akigeuza geuza, moja kiini chake juu, nyingine chini, ili zikitaka kukunjika zishindane. Kisha hakupiga msumari hata mmoja juu. Alifunga uso wa meza kwa skrubu kutoka chini, kupitia matundu marefu kidogo, kwa maana mbao hufura wakati wa mvua za Aprili na kunywea wakati wa kiangazi cha Januari, na ukiibana itapasuka tu.

Ncha za mbao alizishughulikia kuliko sehemu nyingine yoyote. Mnakumbuka mishipa ya mti inayopandisha maji kutoka mizizini? Mti ukikatwa mishipa ile hubaki wazi kwenye ncha kama mirija, na hunywa maji haraka mno kuliko uso wa ubao. Kwa hiyo nchani paka mafuta mara tatu, nne.

Mafuta gani? Hapa ndipo nilipokaribia kufanya maafa. Mafuta ya kupikia hayafai, yanachacha na kunata. Mafuta ya kitani ya dukani yaliyokwisha "kuchemshwa" huwa na dawa za kuyakausha, nayo si ya meza ya chakula. Mjomba alisema nitumie "parafini ya maji". Mimi huyo, nikachukua chupa nikaelekea kununua mafuta ya taa! Bahati nzuri aliniita. Parafini hiyo huuzwa kwenye duka la dawa, ni ile ile ambayo watu hunywa tumbo likikataa kufanya kazi. Haina rangi, haina harufu, na haiozi. Tuliichanganya na nta ya nyuki, sehemu nne za mafuta kwa moja ya nta, ndani ya sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji moto. Msiiweke juu ya moto wenyewe, nta inaweza kuwaka.

Utunzaji ni kazi ya kila siku lakini ni ndogo. Jioni nakwangua unga kwa kisu butu, nasugua kwa chumvi na nusu limau kufuata nyuzi, nafuta kwa kitambaa cha maji ya moto yenye sabuni kidogo, halafu nakausha hapo hapo. Simwagi maji. Siweki kitambaa chenye maji kikalala juu yake. Mara moja kwa mwezi napaka nta. Nyama mbichi ina kibao chake, na saiprasi ni laini, kwa hiyo hata kitunguu hakikatwi tena juu ya meza.

Wapo wanaosema mbao ni chafu kwa asili na plastiki ni safi. Mwaka 1994 Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya vibao vya kukatia. Bakteria waliowekwa juu ya mbao walizama ndani na wengi hawakupatikana tena, lakini kibao cha plastiki chenye alama za kisu kilikuwa kigumu kusafisha kwa mkono. Hiyo si ruhusa ya kutoosha. Nilimsimulia afisa wa afya habari hizo aliporudi. Alinisikiliza, akapitisha kiganja mezani, akainama akatazama chini yake kwa tochi ya simu, akaandika katika kitabu chake, kisha akaagiza chai na chapati mbili.

Meza ina kasoro zake. Wiki ya kwanza chapati zilinukia saiprasi na wateja wakauliza kama tumebadilisha unga. Na kuna duara jeusi upande wa kushoto, mahali dada yangu alipoacha sufuria ya moto akienda kuangalia harusi ikipita. Likizo ya Agosti nitalisugua kwa msasa.