Jinsi Kisiwa cha Iceland Kilivyopata Shule

Twadhani mara nyingi ya kuwa watu hawawezi kujua kusoma mpaka shule zijengwe kwanza. Basi na tutazame habari za nchi moja ambayo mambo yake yalikwenda kinyume: kusoma kulitangulia, shule zikafuata.

1. Nchi yenyewe. Iceland ni kisiwa cha kaskazini katika bahari ya Atlantiki. Zamani watu wake walikaa mbalimbali mashambani, wakitengwa na milima, mito na theluji, hata ikawa vigumu kuwakusanya watoto mahali pamoja. Shule zilikuwako katika makao ya maaskofu, Skálholt na Hólar, lakini hizo zilikuwa za kuwaandaa watumishi wa kanisa, si za watoto wote. Baada ya Matengenezo ya Kanisa, Biblia nzima ilipigwa chapa kwa lugha ya wenyeji mwaka 1584. Lakini kitabu chamfaa nini asiyejua kusoma?

2. Nyumba yafanywa shule. Mwaka 1741 mfalme wa Denmark, aliyekitawala kisiwa wakati ule, alimtuma Ludvig Harboe kukagua mambo ya kanisa na mafundisho. Alikaa hata mwaka 1745, akaona ya kuwa watu wengi hawajui kusoma. Ndipo zikatolewa amri: watoto wafundishwe kusoma nyumbani, tena wajue Katekismo kabla ya kupata kipaimara. Mchungaji alipaswa kuzuru nyumba kwa nyumba, kuwasikiliza watoto wakisoma, na kuandika maendeleo yao katika kitabu cha usharika. Nyakati za baridi, usiku ulipokuwa mrefu, watu wa nyumba walikaa pamoja wakisokota sufu na kufuma, na mmoja wao akiwasomea kwa sauti. Hivyo katika karne ya 19 watu walio wengi sana walijua kusoma, ingawa shule za watoto zilikuwa haba mno.

3. Upungufu wake. Lakini tusidhani ya kuwa hayo yalitosha. Wengi waliojua kusoma hawakujua kuandika, hasa wanawake. Na mtoto wa maskini alitegemea ujuzi na hiari ya wale aliokaa kwao. Kwa hiyo mwaka 1880 sheria iliagiza watoto wafundishwe pia kuandika na hesabu.

4. Shule za watu wote. Mwaka 1852 shule ya watoto ilianzishwa Eyrarbakki, katika pwani ya kusini, nayo ingali ikiendelea. Lakini hatua kubwa ilikuja mwaka 1907: sheria iliwalazimu watoto wote wa miaka 10 hata 14 kufundishwa, bila ada. Mwaka uliofuata chuo cha walimu kilifunguliwa Reykjavík. Mahali ambapo watu walikaa mbalimbali, mwalimu alihama shamba kwa shamba, akifundisha majuma kadhaa kila mahali. Hata hivyo wazazi hawakuachiliwa: kumfundisha mtoto kusoma kabla ya miaka 10 kulibaki kazi yao. Mwaka 1936 umri wa kuanza masomo ya lazima ulishushwa kuwa miaka 7. Siku hizi kila mtoto huanza akiwa na miaka 6, akasoma miaka 10.

5. Twajifunza nini? Nyumba peke yake haikuweza kumtimizia kila mtoto haki yake; lakini shule nayo ilipata nguvu kwa kuwa ilijengwa juu ya msingi uliokwisha kuwekwa nyumbani. Yatupasa tuangalie, sisi tulio na shule karibu, tusije tukamwachia mwalimu mzigo wote. Agizo la Kumb. 6:7 lilipewa watu katika nyumba zao.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
Je, nani huwasikiliza watoto wetu wakisoma jioni?
Tunapozuru nyumba za Wakristo, twauliza habari za masomo yao?
Katika usharika wetu, ni mtoto gani asiye na mtu wa kumfundisha, nasi tutamfanyia nini?