Somo la Kikundi: Kitu cha Ukoo Kiandikiwe Habari Zake



Mara hii tuzungumze juu ya vitu vya ukoo: kigoda cha babu, kibuyu cha nyanya, shanga za harusi. Nyumba nyingi zinavyo. Lakini uliza mtoto, "Hiki kilikuwa cha nani?" Anakuangalia tu. Na kitu kisicho na mwenyewe kuuzwa ni rahisi.

Tazameni Wamijikenda wa Pwani. Kwao, hasa Wagiriama, mzee wa chama cha Gohu akifa huchongewa kigango. Huu ni mti mgumu wenye kichwa na nakshi za pembetatu, husimikwa kwa ajili ya koma yake, yaani roho yake. Kikisha kusimikwa hakiguswi. Tangu miaka ya 1970 wanunuzi wa sanaa wakaanza kuvitafuta. Vijana wasio na kazi wakaving'oa usiku, wakaviuza kwa pesa kidogo, na huko Marekani vikapata maelfu ya dola.

Wengine mtasema hayo ni mambo ya koma, Mkristo yanamhusu nini? Swali ni la haki, nasi hatumwambii mtu atambike. Lakini kuacha tambiko ni neno moja, na kung'oa ukumbusho wa mzee wa jirani ukauze ni neno lingine. Huo ni wizi.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye kidogo vikaibwa. Mzee akafa bila kuviona tena. Mwaka 1999, mkutanoni Marekani, Udvardy akaonyeshwa picha ya kigango kilichokuwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Illinois State. Akakitambua! Cha pili kilikuwa Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 cha kwanza kikakabidhiwa familia, na cha pili nacho kikarudishwa Kenya.

Lakini Makumbusho ya Denver, yaliyokubali mwaka 2014 kurudisha vigango 30, hayakujua vilitoka boma gani. Havikuwa na picha wala jina. Hata mwizi akitubu, atampelekea nani?

Basi mkutano ujao kila mmoja alete kitu kimoja, au aeleze kile kisichofaa kutolewa nje. Kijana mwenye mwandiko mzuri aandike kwenye daftari: nani alikitengeneza, nani alimpa nani, kilitumika lini. Kama mwaka haujulikani, andikeni tukio, kama njaa fulani au Uhuru. Waulizeni akina nyanya kwanza, maana vitu vya wanawake huhama na mabinti walioolewa na habari zake hupotea njiani. Simu ya mwanakikundi mmoja yatosha kwa picha, mwenye kitu akiwa amesimama kando yake. Nakala mbili, nyumba mbili. Mahali kinapowekwa msiandike! Kikiibwa, picha ipelekwe polisi na Makumbusho ya Taifa.

Ya kujadili:

Ni kitu gani kimeuzwa hapa kijijini, nani alikuwa na haki ya kukiuza, na pesa zilifanya nini?

Ndugu wasipopatana juu ya kitu cha baba, nani akitunze?