Kupima Dirisha Dogo la Chumba cha Kuogea

Dirisha la chumba cha kuogea aghalabu huwa dogo kuliko madirisha yote ya nyumba, na kwa sababu hiyo wengi hulidharau. Sebule hupimwa kwa uangalifu na kushonewa mapazia ya kupendeza. Bafu hupewa kipande cha kitambaa kilichosalia, kikatundikwa kwa misumari miwili. Mchana huonekana kwamba kinatosha. Lakini jua likichwa, taa ikiwashwa ndani na nje kukiwa giza, mambo hugeuka: aliye ndani haoni nje, na apitaye nje humwona aliye ndani. Ufa wa vidole viwili kando ya pazia watosha kumwondolea mtu sitara nyumbani mwake mwenyewe. Basi dirisha hili dogo lahitaji vipimo sahihi kuliko jingine lolote.

Mapazia ya chumba hiki huwa mafupi kwa sababu nzuri. Kitambaa kirefu hutumbukia katika karai, hurukiwa na maji ya sabuni, na sehemu yake ya chini haikauki, ikaota ukungu mweusi ambao ni vigumu kuutoa kwa kufua. Tena mvuke wa maji ya moto hauna budi kupata njia ya kutokea. Ndiyo maana wengi huziba sehemu ya chini ya dirisha tu, wakaiacha ile ya juu wazi kwa hewa na mwanga. Ni jambo jema, ila lazima ijulikane kwanza pazia lianzie wapi.

Jibu la swali hilo halipatikani ndani ya chumba. Mtu mmoja na asimame mahali pale hasa anaposimama mwogaji, naye mwingine azunguke nje, apite kila njia ambayo watu huipita, akilitazama dirisha. Jicho la mpita njia likiwa chini ya fimbo ya pazia, litaona dari tu; likiwa juu yake, litaona chini hata sakafuni. Penye uwanja ulio sawa, yatosha fimbo iwe juu kuliko macho ya mtu mrefu. Lakini katika nchi ya milima, kama Murang'a au Machakos, ambako nyumba nyingi zimejengwa mtelemkoni, njia ya nyuma ya nyumba huweza kuwa juu kuliko sakafu ya bafu. Mijini nako huweza kuwapo ngazi au roshani ya jirani. Mahali kama hapo nusu ya pazia haifai kitu. Dirisha zima lifunikwe, na fimbo isogezwe mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite nyuma ya kitambaa.

Wazee wa pwani walipima kwa mwili: shibiri, kisha dhiraa iliyo shibiri mbili, kisha pima iliyo dhiraa nne. Vipimo hivyo vilimfaa mtu aliyepima na kukata kwa mkono wake mwenyewe, lakini shibiri ya mwenye nyumba si shibiri ya fundi cherehani sokoni. Kamba nayo huvutika. Itumike tepu ya kupimia. Na ikiwa ni ya kitambaa, tena imezeeka, kwanza ilinganishwe na rula ya mbao. Tepu nyingi zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na hapo ndipo hasara huanzia. Inchi moja ni sentimita 2.54 kamili, kama Marekani, Uingereza na nchi nyingine nne zilivyokubaliana mwaka 1959. Dirisha la inchi 24 likiandikwa "24" tu, naye fundi akasoma sentimita, pazia litakuwa la mwanasesere. Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakipokelewi tena dukani. Basi kila tarakimu iandikwe pamoja na jina la kipimo chake, upana kwanza, urefu baadaye.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kupima kioo. Pazia huning'inia kwenye fimbo, wala halining'inii kwenye kioo. Kwa hiyo fimbo hukazwa kwanza, ndipo tepu ishikwe. Fimbo ikikaa ndani ya unene wa ukuta, upana wa tundu hupimwa mahali patatu, juu, katikati na chini, na kipimo kidogo ndicho kifuatwe, kwani kuta chache sana zimenyooka. Ikikaa nje, juu ya ukuta, kipimo kikubwa ndicho kifuatwe. Kwa sitara, nje ni bora, kwa maana kitambaa hupita kingo za dirisha na ufa hauonekani. Yafaa pia kuangalia kama dirisha lafungukia ndani, lisije likagonga fimbo. Na misumari iwe ya shaba au fimbo iwe ya mti, kwa kuwa kutu ya chuma hutia kitambaa madoa.

Mathalani, dirisha lina upana wa inchi 24 na urefu wa inchi 20 (sentimita 61 na 51), nalo lafunikwa lote. Fimbo imekazwa ukutani inchi 2 juu ya fremu, ikizidi inchi 2 kila upande. Basi urefu wa fimbo ni inchi 28. Ili marinda yapatikane, kitambaa huwa mara mbili ya fimbo, yaani inchi 56. Mapazia ni mawili, yana kingo nne za kando, na kila ukingo hula inchi 1 na nusu kwa kupindwa mara mbili: jumla inchi 6. Upana wote ni inchi 62, yaani kila pazia inchi 31. Kwa urefu, kuna inchi 2 za juu, 20 za dirisha, na 2 za kupita chini, jumla 24. Huongezwa inchi 2 za upindo wa kupitishia fimbo na 2 na nusu za upindo wa chini, na kila pazia likatwe inchi 28 na nusu. Kitambaa chenye upana wa inchi 36 hutoa pazia moja kwa kila kipande. Zahitajika inchi 57, karibu sentimita 145. Lakini kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa. Heri zinunuliwe sentimita 160, kifuliwe, kipigwe pasi, ndipo kikatwe.

Kanga iliyokwisha kufuliwa mara nyingi haina taabu hiyo. Urefu wake ni karibu mita moja na nusu, na ikikatwa katikati kila kipande huwa na inchi 29 hivi. Upungufu huo hupunguza marinda kidogo tu. Ule ukanda wa chini wenye maneno ukatwe utumike kwingine. Si kila neno la kanga linalopendeza kusomwa na mgeni aliyekuja kunawa mikono. Ila kanga nyingine ni nyepesi mno. Mkono na uwekwe kati ya taa na kitambaa: vidole vikihesabika upande wa pili, kitambaa kiwekewe bitana.

Kabla ya mkasi kugusa kitambaa, gazeti kuukuu hukatwa kwa kipimo cha pazia lililokwisha kushonwa, likabanwa kwenye fimbo. Usiku taa huwashwa, mtu mmoja akasimama ndani akiwa amevaa nguo zake zote, na mwingine akatoka nje kutazama, kwanza akiwa njiani, kisha akiwa kwenye ngazi za jirani.