Hadeki, Mdogo Wangu

Mdogo wangu uliyeniandikia, unasema mwanao wa miaka sita anatibiwa saratani ya damu, siku hizi anajikwaa, ndala zinamvuka, na bibi yake anaona anadeka. Hadeki. Mtoto aliye kwenye dawa za saratani akibadilika mwendo, daktari aambiwe mapema.

Kwenye sindano zake huenda imo vinkristini, dawa iliyotokana na ua lile la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska tunalopanda uani. (Majani yake usimchemshie, nakusihi, ni sumu.) Vinkristini inaua seli za saratani, lakini huvuruga pia usafirishaji ndani ya neva, na neva ndefu zinazofika miguuni ndizo huumia kwanza. Unyayo unalegea, vidole vinaburuza, kifungo cha shati kinamshinda. Wengine taya huuma, sauti hukwaruza, kope hushuka, choo hufunga siku kadhaa.

Daktari atamwambia atembee kwa visigino, atamgonga juu ya kisigino kwa nyundo ya mpira, atamwekea chuma kinachotetemeka kwenye kidole gumba cha mguu na kumuuliza kama anakisikia. Ila mtoto mdogo hajui kusema "ganzi". Atasema sisimizi wanamtembea, au atakataa viatu tu. Ndiyo maana wewe unayeshinda naye unahitajika sana. Mrekodi kwa simu akitembea na akiinuka sakafuni. Hilo la kuinuka lina maana yake: akishindwa kuinuka huku nyayo ziko imara, huenda ni dawa nyingine, prednisoloni, iliyolegeza misuli ya mapaja. Taja kila dawa anayomeza, hasa za fangasi, maana itrakonazoli huzidisha madhara ya vinkristini. Na kama kwenu au kwa baba yake wapo wenye miguu iliyokonda na nyayo zilizopinda, usione haya kusema. Kuna ugonjwa wa neva wa kurithi ambao vinkristini huuchochea vibaya.

Akipata degedege, kichwa kikiuma sana huku anatapika, uso ukienda upande au mkono ukapooza, usingoje kliniki. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Dozi usiikatishe mwenyewe. Daktari anaweza kuipunguza au kuisogeza mbele, mtaalamu wa viungo akampa kifaa cha kushikilia unyayo, na kwa watoto wengi nguvu hurudi polepole, kwa miezi. Kesho asubuhi mpigie nesi wa wodi yenu, tarehe ya kliniki usiisubiri.