SOMO: KUPOGOA MIEMBE BAADA YA MAVUNO



Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni, mwembe wa Apple au Ngowe ndio unaosaidia kulipa karo. Lakini wengi wetu tunaogopa kuukata. Tunasema, "Nikikata tawi, nimekata pesa." Basi mti unarefuka na maembe yanakaa juu. Broka anakuja na vijana wa kupanda, maembe yanaanguka na kupasuka, na bei anaitaja yeye.

Kwa nini tupogoe?
Jua na upepo vikiingia ndani ya mti, majani hukauka upesi baada ya mvua au umande. Hapo ugonjwa wa madoa meusi unaoharibu maua na matunda hupungua. Tena unachuma mwenyewe ukiwa umesimama chini.

Lini?
Mara tu unapomaliza kuvuna, usingoje mvua ya Machi na Aprili iishe. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Ukikata maua yakikaribia, umekata maembe ya msimu huo.

Namna gani?
1. Tumia msumeno mkali. Panga hupasua tawi. Uoshe kwa Jik na maji kabla ya kwenda mti mwingine.
2. Toa matawi yaliyokauka, yenye ugonjwa, yanayosuguana na yanayogusa ardhi.
3. Toa machache ya katikati, mwanga uingie.
4. Tawi zito likate kwanza kidogo upande wa chini, lisichane gome. Usiache kisiki.
5. Mti mzee mrefu, gawanya kazi kwa miaka mitatu. Mavuno yanaweza kupungua mwanzoni, usikate tamaa. Gome lililokuwa kivulini lipake chokaa, lisiungue na jua.
6. Mche ukifika mita 1, kata ncha. Matawi yakichipuka, acha 3 au 4 yanayotazama pande tofauti.

Utomvu wa mwembe unawasha, kwa hiyo funika mikono. Matawi yenye ugonjwa yachomwe. Mengine ni kuni.

Kazi hii inafaa mwethya: leo kwa mama huyu, kesho kwa jirani. Mwenye shaka apogoe mti mmoja, auache wa pili, halafu alinganishe mavuno.

Maswali ya kujadiliana
- Ni miti mingapi kwetu hatuwezi kuchuma bila kupanda?
- Nani ana msumeno, na tutaanza kwa nani?
- Tukichuma wenyewe na kuuza pamoja, tutaongeaje na broka?