Zoezi la 7: Ufahamu – Kujua Njia Bila Setilaiti

Soma kifungu kifuatacho, kisha jibu maswali yote.

Dereva anayepakia mananasi Kiwangwa kwenda Dar es Salaam akifungua ramani ya simu hujiona kama nukta inayotembea barabarani. Simu hiyo hupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, zilizo umbali wa kilometa 20,000 hivi kutoka ardhini. Mawimbi hayo hufika yakiwa dhaifu mno, hivyo ni rahisi kuyavuruga. Mwaka 2024 yaliripotiwa kuvurugwa Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, jambo lililohatarisha ndege, zikiwemo za misaada.

Je, chombo kinaweza kujua kilipo bila setilaiti? Ndiyo, kikijua kilipoanzia na kupima kila kinapoongeza mwendo, kinapopunguza au kukata kona. Tatizo ni kwamba kosa dogo la kipimo hukua haraka kuliko muda wenyewe. Kosa lisilobadilika la 0.001 m/s² hukipoteza chombo kwa meta 180 baada ya dakika 10. Baada ya saa moja ni kilometa 6.48.

Ndiyo maana wanasayansi wanatengeneza vihisi vya kwanta. Ndani yake atomu hupozwa kwa mwanga wa leza, huachwa zianguke, na anguko hilo hupimwa kwa usahihi mkubwa. Tena, mvutano wa dunia haulingani kila mahali: ni karibu 9.78 m/s² katika ikweta na 9.83 katika ncha za dunia, na hubadilika kidogo kufuatana na miamba iliyo chini ya ardhi. Chombo kikilinganisha kipimo chake na ramani ya mvutano, hurekebisha kosa lake. Mvutano huo hauna mtu wa kuuzima.

Mei 2024 Uingereza ilitangaza kuwa imejaribu mfumo wa kwanta ndani ya ndege. Hata hivyo, mitambo hiyo bado ni mikubwa na ghali. Lori la mananasi litasubiri.

Maswali

(a) Kwa nini ni rahisi kuvuruga mawimbi ya setilaiti?
(b) Kwa nini kosa dogo la kipimo ni hatari zaidi safari inapokuwa ndefu?
(c) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (i) dhaifu (ii) kihisi (iii) ghali.
(d) Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 30.

Dokezo: Katika swali (b), taja sababu kwanza, ndipo utoe mfano wa namba. Ukinakili sentensi nzima ya kifungu utapoteza alama.