Mzazi wa Ahero, Msaidie Mwanao Kujiandaa kwa Hisabati ya KPSEA

Kila mwaka katika muhula wa tatu, wanafunzi wa Gredi ya 6 hufanya tathmini ya kitaifa ya KPSEA, inayoandaliwa na Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC). Ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022. Haimzuii mtoto kuingia Gredi ya 7, lakini huchangia asilimia 20 ya alama za kumpangia nafasi katika sekondari ya juu baada ya Gredi ya 9.

Wazazi wengi huwaachia walimu Hisabati wakisema, "Mimi sikusoma sana." Lakini anayepima mchele kwa gorogoro katika soko la Ahero hufanya hesabu kila siku. Jaribu mambo haya matatu na mwanao.

1. Faida

Mama amenunua gorogoro 5 za mchele, kila moja kwa Sh240. Ameuza zote kwa jumla ya Sh1,400. Amepata faida gani?

A. Sh200
B. Sh1,160
C. Sh1,400
D. Sh2,600

Jibu ni A: 5 × 240 = 1,200, kisha 1,400 − 1,200 = 200. Aliyechagua B ametoa bei ya gorogoro moja tu. Aliyechagua C amedhani mauzo yote ni faida. Aliyechagua D amejumlisha badala ya kutoa. Ukijua alichochagua, unajua pa kumrekebisha.

2. Mzingo na eneo

Shamba la mpunga lina urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Tuta la kuzuia maji huzunguka shamba lote, hivyo urefu wake ni mzingo: 40 + 20 + 40 + 20 = mita 120. Mahali pa kupanda ni eneo: 40 × 20 = mita mraba 800. Mtembeze mtoto kando ya shamba au uwanja wowote, atakumbuka tofauti.

3. Saa

Nyumbani tunasema "saa nane mchana", lakini karatasi ya mtihani huandika 2:00 p.m. au saa 1400. Mtoto anayeandika 8:00 anaweza kukosa alama ilhali anajua saa. Kila matatu inapoondoka stendi, muulize ni saa ngapi kwa namna zote mbili.

Tenga dakika 15 kila jioni. Akikosea, usimgombeze wala kumpa jibu. Muulize, "Umepataje?" Anapoeleza hatua zake, mara nyingi atagundua kosa mwenyewe. Na swali hilo halihitaji mzazi aliyemaliza shule.

Mkikwama wote wawili, andikeni swali hilo daftarini ampelekee mwalimu wake kesho yake. Usisubiri wiki ya mtihani.